Mbio zina utepe mwishoni. Kuuguza je?

cherehani_tudor

Assalaam alaykum wa humu, na wasio wa salamu hii hamjambo.

Mimi ni fundi wa kushona, miaka 44, nakaa Tudor. Huu ni mwaka wa tano namuuguza mamangu. Kiharusi kilimkuta jikoni akikamua tui, upande wa kulia ukalala, na katika maneno yake yote amebakiwa na manne: maji, Mola, "basi", na jina langu. Kila jambo sasa hulisema kwa hayo manne. "Basi" peke yake ina maana kama saba hivi, yategemea jicho.

Cherehani niliitoa Majengo nikaileta chumbani kwake, nashona mabuibui na sare za shule huku namtazama. Kakangu yuko Doha, pesa huleta kila mwezi, sina kinywa cha kumlaumu. Dadangu kaolewa Kilifi, huja Idi na huja tukipata msiba.

Kukimbia nilianza bila kupanga. Nilimpeleka mama kliniki, muuguzi akanifunga na mimi kile kipimo cha presha, akakitazama, akaniuliza, "Hapa mgonjwa ni nani?" Basi nikaanza. Nikishaswali Alfajiri, mpwa wangu humkalia nyanyake kabla ya kwenda shule, nami navaa suruali pana, kanzu fupi na mtandio niliojishonea wa kitambaa chepesi, natoka. Miezi ya kwanza nilikuwa nakimbia mlingoti mmoja wa stima, natembea miwili. Makanga wa Tononoka wakiniuliza, "Mama, umeibiwa?" Siku hizi nashuka Tononoka, naifuata Digo Road, Treasury Square, Fort Jesus, mpaka Mama Ngina kwenye mibuyu, kisha narudi. Makanga wamechoka kuuliza.

Mwaka jana kwenye darsa ya akina mama, ustadh akatupigia mfano: muumini ni mkimbiaji wa mbio ndefu, si wa mita mia, na subira ndiyo pumzi yake. Mle ndani nilikuwa peke yangu ninayejua kilomita ya 9 ina ladha gani mdomoni. Nikaona maneno haya yameletwa kwangu. Nikayashika kweli, nikawa nikimgeuza mama saa nane za usiku najiambia, hii ni kilomita tu, itapita.

Februari hii, joto la kaskazi limekaza, nikajiandikisha nusu marathoni, kilomita 21. Kwenye ya 16 kichwa kikawa chepesi, mikono ikasisimka, nikaona barabara inapanda na hapo hapandi mtu, ni tambarare. Nikakaa kwenye ukingo. Nikarudi nyumbani kwa tuktuk na namba bado ipo kifuani, dereva akinipa pole kama niliyefiwa.

Hilo si kitu. Kitu ni usiku ule. Mama hugeuzwa kila saa mbili. Simu ya kuniamsha iliita, sikuisikia. Nilizindukana kwa adhana, mama kalala ubavu mmoja tangu saa nne. Siku chache baadaye nikaona wekundu kwenye nyonga, halafu ngozi ikafunguka. Kidonda kimepona, alhamdulillah, lakini kovu naliona kila nikimwosha.

Swali langu ndilo hili. Kila mtu huniambia subira yavuta heri. Heri ikija itanikuta nimelala. Na ule mfano wa ustadh sasa unanichoma, maana mbio zina utepe mwishoni. Mtu huvumilia kwa kuwa anajua ni 21, si 22. Hii yangu haina kibao cha kilomita. Na kama utepe upo, ni upi? Nikiufikiria sana naona utepe wangu ni mauti ya mama. Astaghfirullah. Sasa mimi nakimbilia nini?

Waliokimbia au waliouguza, nisaidieni. Methali msilete, ninazo.

dogo_wa_Buxton

Mama wa mtandio wa kijani? Wallahi nakuona kila asubuhi hapo Treasury Square. Siku moja nilijaribu kukufuata nikaishia kwenye mahamri. Sina jibu, nimekuja kusema nakujua tu.

Mzee_wa_Makadara

Waalaykum salaam mwanangu. Nimeshaipita 70. Nilikimbilia timu ya kazini enzi zetu, viatu vya mpira vya kuazimana, na marathoni nilizianza mbili: moja nilimaliza, moja niliimaliza kwenye gari la mizigo. Kwa hiyo tuktuk yako naijua.

Wewe unapogeukia pale kwenye mibuyu, jirani yako ni uwanja wa gofu. Tarehe 24 Machi 2007 nilikuwa hapo kwenye kamba, mbio za nyika za dunia zilipoletwa Mombasa. Mwezi wa tatu unaujua: kaskazi linaondoka lakini halijaaga, upepo haupo, shati linakuganda. Yupo Kenenisa Bekele wa Ethiopia, miaka mitano mfululizo, 2002 hadi 2006, dunia nzima hakuna aliyemshinda kwenye mbio hizi. Kilomita 12. Tukamsubiri kama watu wanaosubiri mwizi wao. Kwenye mzunguko wa mwisho Zersenay Tadese wa Eritrea akampita, na Bekele akatoka njiani. Akasimama. Tulishangilia mwanangu, na mimi nilishangilia, kofia ikanianguka. Baadaye usiku nikaona haya. Nimemshangilia mtu kwa kuishiwa.

Sasa nisikilize. Mwaka uliofuata mtu yule yule alikwenda Edinburgh akashinda mbio zile zile za nyika, na Beijing akabeba dhahabu mbili, mita 5,000 na 10,000. Hakuna aliyesema Mombasa alikosa moyo. Joto letu lilimwambia leo hapana, naye akasikia. Tungekuwa sisi na ustadh wako pale, tungemwambia subiri, kaza, na pengine tungemzika.

Hilo la utepe nimelala nalo siku mbili kabla ya kukuandikia.

Mimi nilikwenda hija. Kwenye Safa na Marwa unafanya sai, mara saba, jumla yake ni zaidi kidogo ya kilomita tatu. Pana sehemu yenye taa za kijani, wanaume hapo hukimbia kidogo, wanawake hutembea. Ajabu, maana aliyekimbia hapo alikuwa mama. Bi Hajar, mtoto kamlaza chini, maji yamekwisha, akishuka bondeni anakata mbio kwa dhiki. Nikiwa kwenye ya tano, magoti yananiuma, nikajipa moyo: zimebaki mbili. Ndipo nikashtuka. Sisi tunajua ni saba. Yeye hakujua. Hakuna aliyemwambia itakuwa saba. Angeweza kuwa anakwenda ya kumi na nne. Kila alipofika juu alikuwa anatazama kama kuna mtu, hapana, anarudi. Na maji hayakutoka Safa wala Marwa, yalitoka kwa mtoto, ambako hakuwa anakimbilia.

Sasa wewe unatuuliza mbio zisizo na utepe zipo? Zipo, na ya kwanza aliikimbia mwanamke mwenye mgonjwa wake.

La mwisho nitalisema ingawa sijalisema hata kwa imamu. Mke wangu nilimuuguza miaka miwili, saratani. Usiku mmoja niliomba achukuliwe. Niliomba kwa maneno, si kwa moyo tu. Alfajiri nikamkuta ameegemea mto, anataka uji. Nikaenda kuupika, nikalia kwenye moshi ili asingizie moshi. Aliishi miezi mitano mingine na mitatu kati yake ilikuwa mizuri, tulicheka sana. Sikuwa namtakia mauti, nilikuwa nimechoka, na uchovu hauna lugha nyingine. Nawe ni hivyo hivyo. Usijihukumu kwa ulilolifikiria saa nane za usiku.

Mtanga_Likoni

Shikamoo mzee. Maneno mazuri ila mmemsahau wetu. John Stephen Akhwari, Mexico City 1968. Mbio za marathoni juu ya mlima kule, zaidi ya mita 2,200, pumzi haipo. Akaanguka, goti likaharibika. Mamo Wolde wa Ethiopia ameshashinda, zaidi ya saa nzima imepita, watu wanaondoka uwanjani, ndipo Akhwari anaingia anachechemea na bendeji mguuni. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, naye ndiye wa 57. Hakuacha. Nchi haikumtuma akaanze tu. Sisi watoto wa Tanga tulilelewa kwa hadithi hii. Kwa hiyo mzee wangu usimfunze dada kuacha njiani.

Mzee_wa_Makadara

Marahaba mwanangu. Akhwari namvulia kofia, ile ile iliyoanguka gofu. Lakini hiyo bendeji alijifunga mwenyewe? Mwenye goti bovu alisimama, watu wakamfunga, ndipo akaendelea. Kila mtu humsifia Akhwari, na mfungaji hatajwi. Dada yetu hapa anatakiwa awe Akhwari na awe bendeji.

kocha_shanzu

Mimi nafundisha vijana mbio huku Shanzu, mniwie radhi nitaharibu ibada kidogo. Hawa wakimbiaji tusiwapake uwalii. Kijana wa Iten, kule milimani kwa wakimbiaji, anaamka saa kumi na moja baridi ikimng'ata kwa sababu anataka shamba, ng'ombe wa maziwa na nyumba ya mawe kwa mamake. Ni halali kabisa. Lakini si darsa.

Ninachokijua mimi ni hiki, dada. Mafunzo mengi ya mkimbiaji wa mbio ndefu ni kukimbia polepole, mwendo ambao unaweza kupiga gumzo na mwenzako. Siku ngumu ni mbili tatu kwa wiki, basi. Vijana wangapi huja kwangu wanataka kila asubuhi iwe shindano, miezi miwili wako na barafu gotini. Mwili haupati nguvu ukikimbia. Hupata ukiwa umelala, baada ya kukimbia. Nimesoma habari zako mara mbili nikitafuta siku yako ya polepole. Sijaiona. Jumatatu hadi Jumapili ni shindano, halafu Februari ukaongeza 21 juu yake.

Na huu unyevu wetu usiuchezee. Jasho halipozi mwili kwa kutoka, linapoza kwa kukauka. Wakati wa kaskazi jasho halikauki, linadondoka tu. Kwa dalili ulizoandika, kusimama kwenye ya 16 kulikuwa akili, kwa hilo sina mjadala na yeyote.

muuguzi_mikindani

Habari zenu. Mimi ni Mkristo, nauguza kwa kazi, na nyumbani nilimuuguza baba mkwe. Nitakuwa na maneno machache ya kiroho na mengi ya kitanda.

La kiroho: Waebrania sura ya 12 wengi hukimbilia pale pa kupiga mbio kwa saburi. Kabla yake imesemwa tutupe kila mzigo mzito. Mpangilio huo naupenda. Kutupa kwanza, mbio baadaye.

Tarehe 12 Oktoba 2019 Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42 kule Vienna kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40. Kila mtu anakumbuka hilo. Mimi nakumbuka waliomzunguka: wakimbiaji 41, wote wakali, wakipokezana kwa makundi, wanamkata upepo, wengine wanaingia, wengine wanatoka wakapumue. Kwa ajili hiyo haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi. Waliotunga sheria wana sababu zao. Mimi kwenye wodi naitambua.

Dada, wewe una wangapi? Nimehesabu: mtoto wa shule, nusu saa au saa moja alfajiri. Wodini kwetu mgonjwa kama mamako huwa na zamu tatu kwa siku, na hakuna anayeiita zamu ukosefu wa subira. Kidonda kile kililetwa na usiku mmoja baada ya siku kama 1,500 za mtu mmoja. Kaka wa Doha analeta pesa, Mungu ambariki. Mwambie kiasi fulani ni cha kumlipa mtu wa usiku, mara mbili kwa wiki. Dada wa Kilifi mpe tarehe. Usimwambie "njoo ukipata nafasi". Nafasi haipatikani. Mwambie Alhamisi ya tarehe fulani hadi Jumapili.

Na kitanda: mto mmoja kati ya magoti, mwingine chini ya muundi ili visigino vielee hewani visiguse godoro. Usimburute ukimsogeza, mwinue kwa shuka, watu wawili. Kagua nyonga, visigino na mfupa wa mkia kila ukimwosha. Ukiona wekundu usiofifia ukiubonyeza, usimlaze juu ya hapo.

dogo_wa_Buxton

Mimi siko shule saa hizi, nasubiri kujiunga na chuo. Mnyanyuo wa shuka naweza. Sina kazi asubuhi. Si utani.

cherehani_tudor

Nimekaa kimya wiki tatu, mnisamehe. Nilikuwa nasoma kila jibu lakini kuandika nilikuwa nashindwa.

Kocha, wewe ndiye uliyeniudhi zaidi kuliko wote. Nilifunga simu nikasema huyu hajui mtu. Halafu nikawa nashona, nikatafuta mwenyewe siku yangu ya polepole katika miaka hii mitano. Niliyoipata ni siku ya mvua kubwa ya masika, stima ilikatika, cherehani yangu ya mota haikwenda, nikalala karibu na mama mchana kutwa tukisikiliza mabati. Ni moja.

Mzee wangu, lile la moshi nimelisoma nikiwa na uzi mdomoni, nikautema. Mola amrehemu mkeo. Sijakujibu kwa sababu sina cha kujibu. Lakini lile la Bi Hajar kutojua kuwa ni saba naondoka nalo asubuhi, nafika nalo mibuyu.

Nilimpigia dadangu. Sikuanza vizuri, nilianza kwa kulia, naye akadhani mama kaondoka, akapiga yowe huko Kilifi mpaka mumewe akachukua simu. Tulipotulia nikampa tarehe kama nilivyofunzwa. Kimya. Kisha akasema, "Kwani ulikuwa unataka nije? Mimi nilidhani ukiniona unaona nakuja kukukagua." Miaka mitano. Yeye anaogopa kuja, mimi naogopa kumwita.

Kaka wa Doha amekubali pesa ya mtu wa usiku lakini sasa anataka hesabu ya kila shilingi, mpaka ya sabuni. Hiyo ni vita nyingine, nitaifungulia uzi wake.

Mito nimeshona mwenyewe, minne, nimeijaza usufi. Dogo, njoo Jumatatu, na umwambie mamako kwanza, nami nitampigia.

Dadangu alifika Alhamisi na godoro lake la Kilifi juu ya matatu, kama mtu anayehama. Siku ya kwanza alimlisha mama haraka haraka, mama akamwambia "basi" ile ya jicho kali, dadangu akatoka kwenda jikoni analia. Nikamfundisha kijiko kidogo, kidevu kishuke, usubiri ameze. Jioni wakawa sawa.

Usiku ule tuligawana. Zamu ya saa nane ilikuwa yake. Nilikuwa macho kabla simu haijaita, mwili umeshazoea. Ikaita chumbani kwa mama. Ikaendelea kuita. Nikahesabu moja, mbili, mpaka kumi na moja, miguu yangu imeshagusa sakafu. Ikazimwa. Nikasikia kitanda kinalia, mto unapigwapigwa, mama akasema "basi", na dadangu akasema, "Bado kidogo mamangu, huu mguu tu."

Nikarudisha miguu juu ya kitanda.